Kuunga Chuma cha Mviringo na Chuma Bapa kwa Moto wa Umeme

Wasomaji wetu, na hasa ninyi walimu, watendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa na vijiji, leo twawaomba mtusikilize katika jambo ambalo kwa kulitazama laonekana kuwa ni la mafundi peke yao. Nalo ni kuunga vyuma kwa moto wa umeme, kazi ambayo watu wote huiita kuchomelea. Sisi si mafundi. Kazi yetu ni kalamu na karatasi. Lakini siku hizi ni vigumu kumpata mtu ambaye uzima wake na wa watoto wake hautegemei mshono wa fundi wa kuchomelea. Dawati la shule, ngazi ya zahanati, mnara wa tangi la maji, mkokoteni wa punda, lango la ua, vyote hivyo husimama au huanguka kwa ajili ya mshono wenye urefu wa kidole.

Twakaa Olasiti, magharibi ya mji wa Arusha, upande wa uwanja mdogo wa ndege. Mahali hapa zamani palikuwa mashamba ya mahindi na maharage na malisho ya ng'ombe ya Waarusha. Leo nyumba zimesogeleana, na kila nyumba yataka lango lake, nondo za madirisha yake na jukwaa la tangi lake. Kwa sababu hiyo karakana za kuchomelea zimeongezeka kando ya barabara, na mtu apitaye jioni huziona cheche zikiruka kutoka mlango hadi mlango. Nyingine zina mabwana wajuao kazi, na nyingine zina vijana waliojifunza kwa kutazama miezi michache tu.

Sisi nasi tulitengenezewa lango katika mojawapo ya karakana hizo, ambayo hatutaitaja. Twakiri kwamba tuliichagua kwa bei, na lango lilipoletwa tukapendezwa na rangi yake. Halikumaliza mwaka. Siku moja mtoto wa jirani alipanda kwenye ncha ya lango, akawa anabembea kama watoto wafanyavyo, na bawaba ya juu ikang'oka. Lango likaanguka pamoja naye, akavunjika mguu, akakaa na plasta wiki sita. Mama yake hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Tuliichukua bawaba ile iliyong'oka, na nyingine ya chini ambayo bado ilikuwa imeshika, tukaenda nazo kwa mzee mmoja ambaye amefanya kazi ya chuma tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karani. Nimesikia habari ya mtoto. Pole."

Akaitia bawaba nzima katika jiliwa, akaikata kwa msumeno wa chuma mahali palipounganishwa, akalainisha uso wa mkato kwa tupa, kisha akatuonyesha. Bawaba ile ilikuwa kipande cha chuma cha mviringo, unene wake milimita 16, kilicholazwa juu ya chuma bapa na kushonwa pande mbili. Kwa nje mshono ulikuwa mpana, umejaa, wapendeza. Lakini kwa ndani, kati ya chuma cha mviringo na kile bapa, mlikuwa na mstari mweusi wa takataka ngumu kama kioo. Chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimeshika ngozi tu, si zaidi ya milimita moja.

"Aliyefanya kazi hii hakukupunja chuma," mzee akasema. "Alikupunja moto. Chuma amekimwaga juu, lakini moto haukufika chini."

Basi tutaeleza kwa nini ilikuwa hivyo, na namna ifaayo, kama tulivyofundishwa na mzee yule na kama tulivyosoma baadaye. Mwenye kutaka ufundi wenyewe itampasa aende kwa mwalimu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kuunga chuma si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walitoa habari kwamba watu wa Buhaya, magharibi ya ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha mawe na kupata chuma cha pua katika tanuri zao tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Na huku kwetu, Wamaasai wana wahunzi wao waitwao ilkunono, ambao waliwafulia mikuki na simi. Nao, kwa desturi za kale, hawakuoana na watu wengine, ingawa mikuki yao ilitakiwa na wote. Mhunzi wa kale alipotaka kuunga vipande viwili alivitia katika makaa, akavukuta mpaka vikawa vyeupe, akaviweka juu ya fuawe na kuvipiga nyundo vikashikana. Namna hiyo ilikuwa na adili moja kubwa: chuma ambacho hakikupata moto wa kutosha hakikushika kabisa, wala mhunzi hakuweza kumdanganya mtu.

Kuunga kwa umeme kulianza Ulaya. Mrusi mmoja, Nikolai Benardos, alitumia moto wa umeme uliowaka kwenye kijiti cha kaboni tangu mwaka 1881. Baadaye, mwaka 1888, Mrusi mwingine, Nikolai Slavyanov, akatumia kijiti cha chuma chenyewe, ili kijiti kiyeyuke na kuwa sehemu ya mshono. Lakini mishono hiyo ilikuwa na vitundu na ilivunjika upesi, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka huharibiwa na hewa. Mswidi Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, ndiye aliyefikiri kukivika kijiti koti la udongo na madini. Koti hilo lisingekuwapo, mafundi wetu wa leo wasingekuwa na kazi.

Sasa twatazama kazi yenyewe. Mashine ya kuchomelea huuchukua umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni volti 230, na kuupunguza volti zake, lakini huuzidisha wingi wake, ambao hupimwa kwa ampea. Waya mmoja huenda kwenye kishikio cha kijiti, na mwingine huenda kwenye kibano kinachouma kazi. Kijiti kikigusishwa kazi na kuinuliwa kidogo, umeme huruka katika nafasi ile na kuwa moto mkali wapata nyuzi 6,000 za Selsiasi. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,500 hivi, kwa hiyo ncha ya kijiti na uso wa kazi huyeyuka pamoja na kufanya dimbwi dogo. Koti la kijiti nalo huungua: sehemu yake huwa moshi unaoifukuza hewa, na sehemu huyeyuka na kuelea juu ya dimbwi kama utando wa maziwa, kisha huganda na kuwa gamba. Gamba hilo huulinda mshono unapopoa, na baadaye fundi huliondoa kwa nyundo yenye ncha na brashi ya waya.

Basi gamba ni rafiki likiwa juu ya chuma, na ni adui likiwa chini yake. Mstari mweusi ule uliokuwa katika bawaba yetu ulikuwa gamba.

Msomaji na achukue chupa ailaze juu ya meza. Ataona kwamba chupa haikuigusa meza ila katika mstari mmoja mwembamba, na kila upande wa mstari huo pana ufa unaokwenda ukisongeka mpaka kuwa si kitu. Hivyo ndivyo chuma cha mviringo kinavyokaa juu ya chuma bapa. Fundi anapopitisha kijiti chake, moto hupenda kurukia mahali palipo karibu, yaani ubavu wa chuma cha mviringo upande mmoja na uso wa bapa upande mwingine, wala hauingii katika ufa ule mwembamba. Gamba lililoyeyuka, ambalo ni jepesi na lateleza kuliko chuma, hutangulia mbele na kuingia katika ufa. Chuma kikija nyuma chakuta mlango umefungwa. Fundi akiendelea kujaza, daraja la chuma hujengwa juu ya ufa, na hapana jicho liwezalo kuona kilicho chini.

Hata mshono uliofanywa vizuri hauna nguvu kwa kadiri unavyoonekana. Kanuni za Marekani za kuunga chuma cha majengo, kwa kazi ya kijiti, huhesabu kwamba mshono wa namna hii uliojazwa mpaka usawa wa juu una kimo cha kweli cha sehemu 5 tu katika 16 za nusu kipenyo cha chuma cha mviringo. Chuma chetu kilikuwa cha milimita 16, nusu kipenyo milimita 8. Basi kimo cha kweli ni milimita 2 na nusu, ingawa kwa macho mtu angesema ni 8. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi hesabu hiyo. Mshono wa urefu wa milimita 50 kila upande utakuwa na eneo la kushika la milimita za mraba 250, tena kama fundi ni mwema. Bawaba yetu ilikuwa na 100, au chini yake.

Mzee alitueleza namna ya kuushinda ufa huo. Kwanza ni usafi. Kutu, rangi, mafuta na lile gamba la buluu litokalo kiwandani viondolewe kwa tupa au mashine ya kusaga mpaka chuma king'ae, kwenye vipande vyote viwili, na mahali pa kibano pia, maana umeme usiorudi vizuri hufanya moto wa kigugumizi. Pili ni kijiti. Kwa mstari wa kwanza kitumike chembamba, cha milimita 2.5, ili ncha yake iweze kuingia ndani ya ufa. Kijiti kinene hukwama mlangoni. Kijiti hicho hutaka ampea 60 hadi 90 hivi, na cha milimita 3.2 hutaka 90 hadi 130, lakini kila boksi limeandikwa kadiri yake, na fundi asiyesoma boksi ni kama mganga asiyesoma chupa. Kwa mstari huu wa kwanza ampea ziwekwe upande wa juu wa kadiri hiyo. Tatu, moto uwe mfupi, usizidi unene wa kijiti chenyewe; moto mrefu hutawanyika na kurukia kando. Nne, sehemu ya juu ya kijiti iinamie kidogo upande mkono unakokwenda, ili moto utazame nyuma na kulisukuma gamba lisitangulie. Kama kazi yaweza kuinuliwa upande mmoja, na ishonwe kwa kupanda kidogo, gamba litateremka nyuma lenyewe kama maji.

Mstari wa kwanza ukiisha, gamba lote liondolewe mpaka chembe ya mwisho, na hapo ndipo vijana wengi wanapokosa uvumilivu. Kisha mstari wa pili, au wa tatu, upite juu kwa kijiti kinene zaidi. Na kama mzigo ni mkubwa, mzee hakubali kabisa kuutegemea ufa. Hutoboa matundu mawili katika bapa, hulaza chuma cha mviringo juu yake, kisha hujaza matundu yale kutoka nyuma. Au hulikunja bapa likakizunguka chuma cha mviringo kama mkono unavyoshika mpini wa jembe, kisha hushona ncha. "Chuma kilichokumbatiwa," alituambia, "hakiombi msaada wa mshono peke yake."

Namna ya pili ya kuunga mviringo na bapa ni ile ya kusimamisha, kama nguzo juu ya kitako chake, au pini ya bawaba juu ya kibao cha chuma. Hii ni nyepesi kuliko ile ya kulaza, kwa kuwa pembe i wazi na moto hufika. Lakini ina hila zake. Kwanza pini ishikizwe mahali panne kwa nukta ndogo: kaskazini, kisha kusini, kisha mashariki, kisha magharibi. Chuma kikipoa hunywea, na nukta ya upande mmoja huivuta pini ikainama. Nukta ya upande wa pili huirudisha. Kila baada ya nukta pini ipimwe kwa kipimo cha pembe, nayo ipigwe nyundo kidogo ikiwa imekwenda kombo. Anayeshona mzunguko mzima kwa mara moja bila kushikiza atapata pini inayotazama Monduli.

Pili, vipande viwili havina unene mmoja, na kile kinene hunywa moto zaidi. Pini ya milimita 12 juu ya kibao cha milimita 10 itapata moto upesi, lakini kibao kitakuwa bado baridi, na chuma kitalala juu yake bila kupenya, kama nta juu ya jiwe. Kwa hiyo moto uelekezwe zaidi kwenye kibao, na pini iguswe kwa kupitia tu. Mambo yakigeuka, nguzo ikiwa nene na bapa likiwa jembamba, moto uelekezwe kwenye nguzo, la sivyo bapa litatoboka. Vikiwa sawasawa, kijiti kisimame katikati ya pembe.

Tatu, mkono wa fundi hauna budi kuzunguka pamoja na pini. Akisimama mahali pamoja pembe ya kijiti hubadilika, na upande wa nyuma hupata mshono mwembamba wenye mfereji ubavuni. Mfereji huo ni mdogo, lakini huko ndiko chuma huanza kupasuka. Afadhali mzunguko ugawanywe katika robo nne, robo mbili zinazoelekeana zikitangulia, na kila mwanzo uanzie juu ya mwisho wa robo nyingine ili kile kishimo kinachobaki kijiti kinapoinuliwa kijazwe. Na kama tundu laweza kutobolewa katika kibao, pini ipitishwe na kushonwa juu na chini. Hiyo ni nguvu mara mbili kwa kazi ndogo.

Mabomba hatutayasemea sana. Bomba likikutana na bapa hufuata kanuni zile zile, ila ukuta wake ni mwembamba na hutoboka upesi. Bomba likikutana na bomba, ncha ya moja ichongwe kama mdomo wa samaki ili ikalie ubavu wa jingine bila nafasi. Wako wanaojaza nafasi hiyo kwa vipande vya misumari na kushona juu yake, na kazi hiyo ni ya kumdanganya mwenye mali.

Yafaa pia kusema neno juu ya vijiti. Kila kijiti kimeandikwa namba karibu na kichwa chake. Katika namba ya Kimarekani 6013, tarakimu 60 ni nguvu ya chuma cha mshono: paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tarakimu 1 ni kwamba chafaa kushona katika kila hali, chini, ukutani na juu ya kichwa. Na ya mwisho husimulia koti na umeme wake. Hicho ndicho kijiti cha karakana nyingi, nacho hutii mkono wa mwanafunzi. Kijiti 7018 kina nguvu zaidi, na chafaa mkokoteni na mnara, lakini koti lake hunywa unyevu wa hewa. Boksi likisha funguliwa vijiti vitunzwe katika joto, la sivyo maji yale huingia katika mshono na kuufanya upasuke. Tumeona vijiti vya namna hii vikilala sakafuni majira ya masika, ukungu wa Meru ukiingia mlangoni, na fundi akishangaa kwa nini kazi yake inalia usiku.

Tena mshono usimwagiwe maji ili upoe upesi. Nondo nyingine, na hasa springi za malori ambazo watu hupenda kuzitumia tena, zina kaboni nyingi. Zikipozwa ghafula huwa ngumu na kuvunjika kama chungu.

Je, mwalimu mkuu aliyeagiza madawati 50, au mwenyekiti aliyeagiza mnara wa tangi, atajuaje kilicho ndani ya mshono? Kwa kuutazama tu hatajua, nasi tumekwisha kulipia somo hilo. Lakini njia iko, tena ya bei ndogo. Kabla kazi haijaanza, amwambie fundi aunge vipande viwili vifupi vya chuma kile kile, kwa kijiti kile kile, na kwa upande mmoja tu. Kikipoa, kitiwe katika jiliwa na kupigwa nyundo upande usioshonwa mpaka kikunjuke na kuvunjika. Kisha atazame palipovunjika. Chuma chote kikiwa na rangi ya kijivu yenye punje, mpaka chini kabisa, fundi huyo apewe kazi. Akiona chini mstari mweusi wa gamba, au uso laini ambao bado una alama za tupa, basi moto haukufika. Akiona vitundu kama vya mkate, kijiti kilikuwa kibichi au chuma kilikuwa kichafu. Fundi mwema hakasiriki akiombwa jambo hili, hata baadhi yao hulifurahia.

Jambo jingine la kupimwa ni mzigo wenyewe, maana watu hudhani bawaba mbili hugawana uzito wa lango nusu kwa nusu, basi. Sivyo. Tuchukue lango la kilo 60, upana wake mita 3, bawaba zake zikiwa mbali kwa mita 1.2. Uzito wa lango huwa kama umekaa katikati, mita 1.5 kutoka nguzoni. Zidisha 60 kwa 1.5, kisha gawanya kwa 1.2, utapata 75. Maana yake bawaba ya juu yavutwa kutoka nguzoni kwa nguvu ya kilo 75, zaidi ya uzito wa lango zima. Sasa mpandishe mtoto wa kilo 30 kwenye ncha: 30 mara 3, gawanya kwa 1.2, ni 75 nyingine. Mtoto mmoja mdogo ameongeza mvuto mara mbili, na akibembea huzidi. Tulipoifanya hesabu hii mezani kwetu usiku tuliweka kalamu chini tukanyamaza kwa muda.

Mwanga wa moto huu una miale isiyoonekana, ambayo huyachoma macho kama jua linavyochoma ngozi ya mtoto mchanga. Aliyetazama hasikii kitu mpaka zimepita saa kadhaa. Kisha usiku huamka akidhani ametiwa mchanga machoni, machozi yakimtoka wala hawezi kustahimili taa. Wengine huweka vipande vya kiazi, wengine maziwa. Mtu asiyasugue macho, wala asitie kitu kisicho safi, bali aende zahanati. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili, lakini anayerudia kila mara hujiharibia. Miwani ya jua haifai kitu kwa fundi. Yampasa kinyago cha uso kizima chenye kioo cheusi, namba 10 kwa vijiti tulivyotaja, pamoja na glavu za ngozi na nguo ya pamba yenye mikono mirefu. Walimu wa shule zilizo karibu na karakana wawaonye watoto wasisimame kutazama cheche, maana mwanga ule hudunda hata kwenye ukuta mweupe.

Mabomba yaliyopakwa zinki nayo yana hatari yake. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, kabla chuma hakijayeyuka, na moshi wake mweupe humletea fundi homa na kutetemeka jioni ile ile, hata watu wengi hudhani ni malaria. Zinki isagwe kwanza mahali pa kushona, na fundi akae upande upepo unakotoka. Na pipa au tangi lililopata kuwa na petroli lisichomelewe kamwe, hata likiwa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza kwa utaratibu, Arusha haina upungufu wa mahali. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani. TEMDO, shirika la kubuni mitambo, lipo tangu 1980, na CAMARTEC, la zana za kilimo na ufundi wa vijijini, tangu 1981. VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha kazi hii ya kuchomelea, na pia huwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa cheti wakifaulu. Twajua vijana wa Olasiti wanaostahili kupimwa hivyo kesho asubuhi, ila hawajui kwamba mlango huo upo.

Lango letu lilirudishwa mahali pake baada ya miezi miwili. Mzee alitufulia bawaba tatu badala ya mbili, pini zimepitishwa katika bapa na kushonwa juu na chini, na mabapa yameizunguka nguzo. Alikataa kupaka rangi siku ile. "Acha wiki moja," alisema, "uitazame mishono yangu kwanza, na yule mama naye aje aitazame." Mama yule alikuja jioni na mwanawe, ambaye alikuwa bado anachechemea kidogo, akainama, akapitisha kidole juu ya kila mshono, akauliza gharama ya bawaba moja, kisha akaenda karakana ya mzee kuagiza mbili kwa ajili ya mlango wa zizi lake.